Saruji Inayomezwa na Ardhi

Ufa ulianza juu ya mlango wa jikoni, ukapanda mithili ya ngazi kwa kufuata maungio ya matofali, na miezi michache baadaye mlango wenyewe ukawa haufungiki mpaka usukumwe kwa bega. Kwingineko ningemwita fundi azibe na kupaka rangi. Sisi, hata hivyo, tunaishi Plant City, jimbo la Florida, ambako chini ya mchanga kuna mwamba wa chokaa uliojaa mapango, na maji yaliyomo humo husaidia kuubeba udongo ulio juu yake. Januari 2010 wakulima wa stroberi wa hapa walivuta maji kwa siku 11 kunyunyizia mashamba yasiunguzwe na baridi kali. Maji ya ardhini yakashuka, na mashimo zaidi ya 140 yakafunguka.

Mkandarasi alipokuja nilimwuliza gharama. Alinieleza kwamba bei ya kuteremsha mabomba ya chuma hadi kwenye mwamba anaijua, ila rojo ya saruji inayosukumwa kupitia mabomba hayo hulipiwa kwa ujazo, na hakuna ajuaye pango litakunywa kiasi gani mpaka lishibe. Aliniandikia makadirio ya chini na ya juu, na tofauti yake peke yake inatosha kununua gari jipya. Msingi ukihitaji kuegemezwa kwa nguzo, hiyo ni hesabu nyingine.

Sheria ya Florida huzitaka kampuni za bima ya nyumba zilipie ardhi inapoporomoka chini ya nyumba, lakini kwa masharti manne yanayopaswa kutimia yote kwa pamoja: ardhi iporomoke ghafla, sehemu iliyobonyea ionekane kwa macho, jengo liharibike pamoja na msingi wake, na mamlaka ya serikali iamuru nyumba ihamwe. Kwa hiyo ufa wangu si hoja mpaka nitolewe nyumbani. Bima pana zaidi ya ardhi kutitia huuzwa kando, na mwenye nyumba anaweza kubebeshwa hadi asilimia 10 ya kiwango cha bima ya jengo kabla hajalipwa chochote. Niliikataa tuliponunua nyumba, nikidhani wakala ananitisha ili auze.

Wala kujaza shimo si kulimaliza. Huko Seffner, jirani tu na hapa, shimo lililomuua mtu akiwa chumbani mwake mwaka 2013 lilijazwa, likafunguka tena 2015, kisha 2023.

Mtambo wa kupima udongo unakuja Jumanne. Nimechora alama ya penseli kwenye ncha ya ufa na kuandika tarehe. Ya mwezi uliopita imeshapitwa kwa upana wa kidole.