Nukta Katikati ya Kifungu cha 6

Mwaka 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, sisi wanafunzi wa tafsiri pale Kampala tulishangilia kama watu walioshinda kesi ya shamba. Wengi wetu tulikulia katika nyumba ambamo Kiswahili kiliitwa lugha ya askari. Mwalimu wetu wa sarufi ya Kiingereza alituacha tumalize furaha yetu, kisha akaandika ubaoni sentensi mbili kutoka kifungu cha 6 cha Katiba:

"The official language of Uganda is English."

"Swahili shall be the second official language in Uganda to be used in such circumstances as Parliament may by law prescribe."

Hii ya pili iliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2005. "Tafsirini," akasema. "Lakini kabla hujaandika neno, niambie kila kirai kinaning'inia wapi."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake mwaka mzima. Baadhi yetu walilinung'unikia: Kiingereza tumesomeshwa nacho tangu shule ya msingi, kwa nini turudishwe kwenye kiima na kiarifu? Mimi nililipenda tangu mwanzo. Kuzungumza Kiingereza ni jambo moja, kukifungua sentensi kwa sentensi na kuona kimefungwa wapi ni jambo lingine kabisa, na mfasiri asiyeweza hili la pili anafanya kazi kwa kubahatisha.

Dada mmoja kutoka Kasese, mwepesi kuliko sisi sote, alimaliza wa kwanza akasoma: "Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili nchini Uganda. Kitatumika katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria."

Ilisikika vizuri. Tulikuwa tumefundishwa, tena kwa haki, kwamba mtindo mzuri unapunguza sentensi ndefu.

"Nukta umeitoa wapi, mwanangu?"

Dada alijitetea bila kuyumba: sentensi moja ndefu ingemchosha msomaji, na maana yote imo. Mwalimu akakubali kwamba msomaji huchoka. Kisha akamwomba aiandike ubaoni, akafunika sentensi ya pili kwa kiganja. Ikabaki hii tu: Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili nchini Uganda. "Mtu akinukuu mpaka hapa, amekata sentensi?" Hakuikata. Imekamilika, ina nukta yake. Akahamia kwenye Kiingereza, akafunika kuanzia "to be used". "Na hapa?" Hapa mtu angekuwa ameikata katikati, na yeyote mwenye Katiba mkononi angemkamata. Hakuna hata koma baada ya "Uganda". Ule mkia umeshikamana na lugha inayotajwa, unaiwekea mipaka papo hapo. Ukiweka nukta, unaondoa mpaka katika sentensi ya kwanza na kuufanya taarifa ya nyongeza katika ya pili.

Nyuma ya darasa aliketi mwenzetu mmoja wa makamo, polisi, ambaye sote tulimwita Afande. Alisimama kabla ya kuzungumza, kama ilivyo desturi yake. "Mwalimu, nikipewa amri kwamba nifungue geti kwa gari lenye kibali, siwezi kusoma 'fungua geti kwa gari' nikatulia. Kibali ndicho amri yenyewe." Sijasikia kishazi tegemezi kikielezwa vizuri kuliko hapo.

Mimi nilikuwa bado naziangalia zile sentensi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ina "is", ya pili ina "shall be". Ya kwanza inasema lugha ya Uganda, ya pili inasema lugha nchini Uganda. Nilipouliza, Mwalimu alirudi ubaoni akapiga mstari chini ya vitenzi vyote viwili. "Shall" ya kisheria, alieleza, ni kuamuru wala si kubashiri, na "-ta-" ya Kiswahili cha sheria huubeba mzigo huo bila shida. Vihusishi je? "Viache vilivyo. Usisawazishe alichokiacha mwandishi wa sheria, hata kama unaipenda lugha inayotajwa." Hapo aliwaangalia wote walioshangilia, nami nikiwamo. Alikuwa anaipenda lugha hiyo kuliko sisi.

Tuliandika upya pamoja: "Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili nchini Uganda itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge laweza kuyaainisha kwa sheria." Sentensi moja, haina koma, na "itakayotumika" imeing'ang'ania lugha kama inavyotakiwa.

Dada wa Kasese hakuridhika na "laweza". Alitaka "litayaainisha", akidai kwamba Kiingereza cha sheria hutumia "may" hapo kwa mazoea tu. Afande alikuwa upande wake. Mimi nilishikilia kwamba "litayaainisha" inaahidi sheria itungwe, na Katiba haikuahidi hivyo, imeliachia Bunge nafasi. Kikundi kingine kilikuwa kimeshafika mlangoni kikitaka darasa, tukauhamishia ubishi mtaa wa Wandegeya, kwenye kibanda cha rolex, zile chapati zinazoviringishwa na mayai ndani, tukaagiza zenye mayai mawili mawili, na muuzaji naye akataka kuelezwa tunagombania nini. Tulipomsomea sentensi zote mbili, yeye alikuwa upande wangu.