Kutafuta ushauri nasaha wakati hamsemezani na ndugu

Ugomvi wa ndugu ukiwa mbali una ugumu wake. Walio karibu watakutana tu, msibani, hospitalini au njiani. Mmoja atasalimia, mwingine ataitikia shingo upande, na mambo yataanza kulegea. Sisi wa ughaibuni tuna simu peke yake, na simu isipopokelewa hakuna pengine pa kupitia. Mimi na dada yangu mkubwa hatusemezani tangu tulipokosana juu ya kiwanja alichoacha marehemu baba, na kaka zangu wakasimama naye. Niliondolewa kwenye kundi la familia la WhatsApp nikiwa zamu ya usiku kazini. Sitaeleza nani alisema nini, kwa kuwa wao hawapo hapa wa kujitetea. Nataka kueleza kilichonisaidia, maana najua hapa Uingereza tuko wengi tunaobeba mzigo huu kimya kimya.

Ukimweleza mtu, atakujibu kwa methali. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, kwa hiyo rudi ukaombe radhi. Au ataikumbuka ile ya ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, akae pembeni. Simlaumu. Anajua kesho tukipatana yeye ndiye atakayeonekana mchonganishi. Lakini matokeo yake ni kwamba unakosa wa kumwambia, na hapo ndipo mshauri nasaha anapofaa: hana upande, hamjui dada, na hatakutana naye shughulini.

Kwa walioko England, njia rahisi ni NHS Talking Therapies, huduma ya tiba ya mazungumzo ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa. Ukiwa na umri wa miaka 18 na kuendelea na umejiandikisha kwa GP, yaani daktari wa mtaani kwako, unajaza fomu mwenyewe mtandaoni bila kupitia kwa daktari, na hulipi kitu. Wengi tunaogopa kuulizwa viza. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kibali cha kuishi wala uthibitisho wa anwani, hata kama mtu wa mapokezi atakuomba. Ila elewa kwamba huduma hii iliwekwa kwa ajili ya sonona na wasiwasi, haikuwekwa kwa ugomvi wa familia. Kwa hiyo ukipigiwa simu ya tathmini, usianze na kiwanja. Anza na usingizi, hamu ya kula, na jinsi unavyoshindwa kutulia kazini.

Utapewa dodoso: maswali 9 ya sonona na 7 ya wasiwasi, yote kuhusu wiki 2 zilizopita, na utayajibu tena kadiri vikao vinavyoendelea. Swali la 6 katika yale 9 ndilo lililonisimamisha. Linauliza ni mara ngapi umejiona hufai, au umeshindwa, au umejiangusha mwenyewe au familia yako. Niliweka alama kwenye "karibu kila siku", na mshauri hakulipita hivi hivi. Akaniuliza: familia ipi, ile iliyokutoa kwenye kundi au hii unayoamka nayo kila asubuhi? Sikuwa nimewahi kuzitenganisha. Kikao chote kiliishia hapo, na niliporudi nyumbani nilimtazama mume wangu na watoto kwa namna nyingine.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Lijibu kwa ukweli, usione haya. Na kama mawazo hayo yanakujia sasa, usingoje miadi: Samaritans, shirika la kusikiliza walio katika dhiki, wanapokea simu 116 123 bure, saa 24, na kukiwa na hatari ya papo hapo piga 999.

Nilichohofia zaidi ni kuambiwa nisamehe, au kinyume chake, nikate undugu nisonge mbele. Mshauri hakuniambia lolote kati ya hayo. Alinieleza kuhusu Pauline Boss, mtafiti wa Marekani ambaye tangu miaka ya 1970 amekuwa akichunguza msiba wa mtu ambaye hajafa: hayupo mbele yako, lakini hajaondoka moyoni. Boss anawahesabu wahamiaji pia. Nikaelewa kwa nini nimechoka vile. Dada yangu yu hai, anapika, anacheka, na mimi ninaomboleza bila mtu wa kunipa pole.

Baada ya hapo tukashughulika na mambo ya kila siku, na nadhani hii ndiyo kazi kubwa zaidi tuliyofanya. Aliuliza: mama akiugua usiku, nani atakupigia? Sikuwa na jibu. Habari zote zilikuwa zinapitia kwa dada, na hata pesa za dawa za mama zilipitia kwenye simu yake. Tukaorodhesha watu wa ukoo ambao hawakuingia kwenye ugomvi. Nikampigia binamu, nikamwomba kitu kimoja tu, anijulishe hali ya mama. Akakubali bila maswali.

Kisha nikaandika ujumbe wa kumpelekea dada na kuusoma kwa sauti mbele ya mshauri. Ulikuwa mrefu, umejaa tarehe na risiti. Akaniuliza ni sentensi zipi zinamhusu dada na zipi nimewaandikia wajomba watakaoonyeshwa. Nikafuta za wajomba. Zikabaki chache: kwamba ninamkumbuka, kwamba suala la kiwanja silifuti, na kwamba simu yangu iko wazi.

Ukihitaji Kiswahili, omba mkalimani tangu mwanzo. NHS humleta bila malipo. Jamii yetu ni ndogo na hofu ya siri kuvuja ina msingi, kwa hiyo una haki ya kuomba mkalimani wa kwenye simu, asiyetoka mji wenu. Mkalimani naye anafungwa na usiri kama mshauri. Na ukiona mshauri anakusukuma upande wowote kabla hajakusikiliza, omba mwingine. Hilo si utovu wa adabu.

Dada hajajibu. Mama nampigia siku binamu anapokuwa kwake. Pesa za dawa bado hatujazipatia njia nyingine ambayo haitamdhalilisha dada mbele ya mama, na hilo ndilo tutakaloliongea kikao kijacho.