"Haya" ya Baba

Saa sita usiku, sufuria ya maharage inapoa jikoni, na mimi bado naigeuzageuza "haya" ya Baba kichwani.

Mnajua nilikuwa nasubiri nini. Wiki kumi na moja nimewachosha hapa na rivolva yangu ya mashindano ya shabaha, iliyorudi kiwandani ilikotengenezwa ili wanirekebishie, mpaka mmoja wenu akaniuliza kama nimepeleka bastola au mtoto wa bweni. Jumanne rivolva ikafika. Wiki hiyo hiyo Baba Neema amefaulu mahojiano ya uraia, kazini nimepewa usimamizi wa zamu ya usiku, na theluji imeifunga Columbus, huku Marekani, siku mbili nzima. Hayo siku nyingine.

Jumatano asubuhi nikampigia Baba kwa video. Alikuwa kibandani kwake, Ngamiani, Tanga, baiskeli imepinduliwa miguu juu, yeye anakaza spoku.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mbona unacheka peke yako?"

Nikamweleza. Silinda ya chuma, lile gurudumu la matundu linalobeba risasi, wameitoa, wameweka ya titani, madini mepesi. Nyundo, kile kinachoshuka kufyatua risasi, wameikata mkia na kuipunguza nyama. Springi inayoisukuma wameweka laini. Alisikiliza vizuri tu, mkono ukiendelea na spoku.

"Na wamekudai?"

Nikataja. Nikataja kwa shilingi za Tanzania, hapo ndipo nilipojikaanga.

Mkono ukasimama. "Kwa hiyo umelipa ili wapunguze?"

"Ndiyo Baba."

"Haya."

Kisha akamgeukia mteja, na nikabaki natazama paa la kibanda.

Sasa ile ni haya gani? Maana ipo haya ya twende kazi. Ipo haya ya nimekuelewa. Ipo haya ya fanya utakavyo mimi simo, ambayo Mama aliitoa siku niliyosema naolewa mbali. Na ipo haya yenyewe, ile ya kuona haya. Nimeirudia njiani kwenda kazini, nimeirudia nikikoroga ugali, nimejaribu hata kuisema kwa sauti yake nikiwa bafuni. Haikai mahali pamoja.

Mtu huyu maisha yake yote amelipwa kwa kuongeza. Karia, kengele, dinamo, stendi ya miguu miwili, hata maua ya plastiki kwenye spoku kama mteja ni kijana na ana safari ya kwenda kwa wakwe. Tanga nzima hakuna aliyewahi kusukuma baiskeli hadi kwake akasema: Mzee, nitolee vitu, nakulipa.

Nilimjibu, lakini nilimjibu kioo cha gari, Alhamisi, nikiwa kwenye foleni. Nilisema: Baba, unakumbuka tulivyokuwa tukikimbiza ringi? Ringi ya chuma kuianzisha ni kazi, na ikishashika mwendo kuisimamisha ni kazi nyingine, inakuvunja kijiti. Silinda ni hivyo hivyo. Mimi siinui nyundo kwa kidole gumba kama kwenye sinema. Kila ninapovuta triga, kidole kimoja cha shahada kinaizungusha silinda na kuinua nyundo kwa pamoja. Silinda ya tundu nane ya chuma ni nzito. Ukivuta haraka inafika mahali pake na kugonga kishikizo chake, tena na tena, hadi vile vijitundu vya pembeni vinaanza kulika. Ya titani inaanza upesi na kusimama bila ugomvi. Na nyundo nyepesi inashuka haraka, kwa hiyo springi laini inatosha kuisukuma. Zamani triga ilinidai ratili 12 kwa mizani ya kuning'iniza. Sasa haifiki 7. Kidole changu hiki, Baba, kimeshabeba maboksi miaka sita.

Kioo kikanyamaza. Kioo ni msikilizaji mzuri.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu ninalo, tena zuri, na bado "haya" inachoma. Kwa sababu kwenye shindano la Oktoba nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na aliyekuwa wa mwisho aliharibikiwa miwani. Mwaka 1999 Jerry Miculek, bingwa wa rivolva wa Marekani, alipiga risasi 12 kwa rivolva ya tundu sita, akajaza upya hapo katikati, yote kwa sekunde 2.99. Mimi kujaza peke yake kunanichukua zaidi ya hizo, na klipu ya duara inayoshika risasi pamoja ikikwama ndiyo kabisa. Kiwanda hakikunipunguzia hilo.

Na upepesi una masharti. Springi ikilegea, pini inaweza isiigonge fataki sawasawa (fataki ya kwenye kitako cha risasi, ile inayowasha baruti, dada zangu, siyo yule mzee mrubuni wasichana wa matangazo ya redioni), unasikia kitiii, halafu kimya, na saa inaendelea kuhesabu. Ndiyo maana watu wa rivolva hapa wanasaka fataki za kampuni ya Federal kama sukari ya Ramadhani. Zinajulikana kwa ulaini, hata pigo dogo linaziwasha. Jumamosi nilipiga risasi 96. Zote ziliitika. Nilihesabu mara mbili.

Basi jana usiku, saa nne, huku kwao kunakucha, simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Nyuma yake jogoo.

"Mwanangu. Nimelala nikiwaza. Vile vyuma walivyovitoa, wamekurudishia? Fundi mwaminifu anamrudishia mteja cha zamani akione. Usikubali hivi hivi."

Nimelala nikiwaza! Nilikaa kwenye ngazi na nguo za kulalia nikacheka hadi Baba Neema akachungulia. Siku nne mimi napima haya ya aibu na haya ya lawama, kumbe mzee kwenye mkeka wake anahofia nimeibiwa spea.

Nikafungua kabati la chuma, nikatoa lile boksi, nikainua sponji. Chini yake mfuko wa nailoni: silinda ya zamani na springi zake, vimefungwa vizuri kabisa. Mkia wa nyundo haumo, nadhani uliishia kuwa vumbi la tupa. Nikaipanga silinda juu ya kitambaa cheupe, nikapiga picha tatu, moja na sarafu pembeni aone ukubwa. Nikatuma. Tiki mbili za buluu papo hapo. Anarekodi. Anarekodi. Ameacha. Anarekodi.

"Hii mbona nzima?"

Basi. Sekunde mbili tu, na jogoo tena.

Nimeicheza mara ngapi sijui. Ile sauti si ya hasira, wala si ya dhihaka. Ni sauti anayotumia mtu anapomletea pedali nzuri akitaka nyingine. Neema amejifunza kuiigiza, asubuhi ameinua mkate wake, "Hii mbona nzima?" Silinda bado iko mezani. Kesho nitaipaka mafuta kidogo isishike kutu. Ni nzito kweli, ukiiweka kiganjani.

Jambo jingine: Zawadi, ndugu yangu, simu yake haipatikani tangu Alhamisi. Aliniambia anapanda basi la Dodoma kwa ajili ya usaili. Mama anasema itakuwa chaji. Chaji ya siku tatu?