Hamoni ya kidiatoniki: anza na ti na fa

Wanafunzi wengi wa chuo huingia kwenye hamoni kwa kukariri namba za Kirumi, zinazoonyesha kodi (nota tatu au zaidi zinazolia pamoja) imejengwa juu ya nota ya ngapi ya ufunguo. Katika ufunguo wa meja, kodi I, IV na V ni meja. Kodi ii, iii na vi ni maina. Kodi vii° ni diminishi, yaani maina ambayo nota yake ya tano imeshushwa nusu toni. Hilo ni jambo la jioni moja. Kazi yenyewe huanza pale kodi moja inapotakiwa kuingia nyingine kwa sauti nne (besi, teno, alto na soprano), na hapo ndipo karatasi za mazoezi hurudi zimejaa wino mwekundu.

Ushauri wangu: kabla ya kanuni nyingine yoyote, zijue ti na fa, yaani nota ya saba na ya nne za skeli. Katika C meja ni B na F. Ti iko nusu toni chini ya do, fa iko nusu toni juu ya mi, na zikilia pamoja hutoa traitoni (umbali wa toni tatu), ambayo sikio linataka ifunguke: ti ipande do, fa ishuke mi. Ndiyo maana hatuirudufu ti, yaani hatuiweki kwenye sauti mbili, katika kodi V. Ti mbili zikipanda pamoja zinazaa oktavu sambamba, kosa la sauti mbili kusogea pamoja zikiwa umbali wa oktavu; ukiizuia mojawapo, sikio linabaki linasubiri.

Chukua V7 (kodi V iliyoongezwa nota ya saba: G, B, D, F) kwenda I: besi G, teno D, alto F, soprano B. Soprano inapanda C, alto inashuka E, teno inashuka C, besi inakwenda C. Sasa kuna C tatu, E moja, na G haipo. Wengi hufuta wakidhani wamekosea, kumbe ni sahihi kabisa. Nota ya tano ya kodi (hapa G) inaweza kuachwa; ya tatu (hapa E) haiachwi, kwa sababu ndiyo inayotambulisha meja au maina. Ukitaka I iliyokamilika, ondoa D kwenye V7 na uweke G mbili: ya besi iende C, ya teno itulie palepale.

IV kwenda V ni mtego wa aina nyingine, kwa kuwa kodi hizi (F–A–C na G–B–D) hazina nota hata moja ya pamoja. Ukipandisha sauti zote, F na C za besi na teno zinakuwa G na D: tano sambamba (kosa lilelile kwa umbali wa nota tano), na F ya alto ikipanda G pamoja na besi, oktavu sambamba pia. Tiba ni besi kupanda huku tatu za juu zikishuka: teno C hadi B, alto F hadi D, soprano A hadi G.

V kwenda vi (A–C–E) ndipo hasa unapoona kama mtu ameelewa. Besi inapanda kutoka G hadi A, na ti nayo lazima ipande C. D ikipanda E, inafanya tano sambamba na besi. Basi D ishuke C, G ya juu ishuke E. Matokeo yake vi ina C mbili, yaani nota ya tatu imerudufiwa, na hapa hilo ndilo linalotakiwa. Anayekariri tu “rudufu nota ya msingi” (ile inayoipa kodi jina) atakwama hapa kila mara.

Katika maina ongeza tahadhari moja. Katika A maina, V inahitaji G♯ ili ti ipatikane, lakini sauti moja isitoke F kwenda G♯; mruko huo huimbika kwa shida. Kutoka iv (D–F–A), F ishuke E, A ishuke G♯, D ishuke B, na besi ipande. Ni tiba ileile ya IV–V.

Mpangilio wa kazi ninaoupendekeza: andika besi na soprano kwanza, ukipendelea ziende pande tofauti. Kisha weka ti na fa na uzifungue. Mwisho jaza kilichobaki, bila kuzidi oktavu kati ya soprano na alto, wala kati ya alto na teno. Sauti nne zina jozi sita; kagua kila jozi peke yake kutafuta tano na oktavu sambamba. Kukodolea macho karatasi nzima hakutoshi, na jozi ya besi na teno ndiyo husahaulika zaidi. Halafu imba alto peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikiwa na miruko isiyoimbika, rudi kwenye kodi iliyotangulia. Mara nyingi kosa liko huko.