Nilivyotafiti simu za manusura bila kumuuliza mtu yaliyompata

Pendekezo langu la kwanza lilirudi na mstari mwekundu chini ya maneno "mahojiano na watoto waliopiga simu ya msaada". Pembeni msimamizi wangu alikuwa ameandika: "Kwa faida ya nani?" Nilinuna siku mbili. Nilishajiona nimekaa na mtoto, kinasa sauti mezani, narudi chuoni na maelezo ya kumliza anayesahihisha. Siku ya tatu nikakiri kwamba maelezo hayo nilikuwa nayataka mimi. Mtoto hakuyahitaji hata kidogo.

Wakati huo nilikuwa Unguja nasoma shahada ya pili ya ustawi wa jamii. Kwetu ni Wete. Nilichotaka kujua kilikuwa kidogo: mtu aliyedhalilishwa utotoni akipiga namba ya msaada, hupokewa vipi? Pa kumpeleka mtoto hatukosi. Mkono kwa Mkono ilianza Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, daktari, polisi na mshauri nasaha mahali pamoja, ili mtoto asizungushwe akihadithia jambo lilelile kila dirisha. Sasa iko Pemba pia. Sheria ya Mtoto, Namba 6, nayo ni ya 2011. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, hata simu isiyo na salio inapiga. Lakini ripoti nilizozisoma zilikuwa za kuhesabu: simu ngapi, kesi ngapi, ngapi zimefika mahakamani. Ya baina ya "haloo" na kukata simu sikuyaona.

Kulikuwa na takwimu iliyoniganda. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, wa mwaka 2009, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Tanzania, karibu wasichana watatu katika kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana mmoja katika saba. Zanzibar ilitoka wasichana asilimia 6 na wavulana asilimia 9. Watu wakizisoma hizo hupumua, wakasema alhamdulillah, kwetu ni kidogo. Mimi niliyelelewa huku, kwenye muhali, ambako mtu huacha haki yake asije akamvunjia uso jirani au mjomba, siwezi kuzisoma hivyo. Nami macho yalinibaki kwenye wavulana. Ikiwa hata kwa muhali wetu wao wamesema zaidi kuliko wasichana, basi wako wapi kwenye simu?

Nikaliandika pendekezo upya. Nitazungumza na washauri wanaopokea simu, na watu wazima waliowahi kupiga. Na sitamuuliza mtu yeyote yaliyompata. Maswali yangu yalikuwa ya simu yenyewe: siku ile ulikuwa umekaa wapi ulipopiga, uliambiwa neno gani la kwanza, nini kilikufanya uendelee au ukate. Kwenye fomu ya ridhaa niliandika, na kila mara nilisoma kwa sauti, kwamba nikiambiwa kuna mtoto yumo hatarini leo, siwezi kukaa na siri hiyo. Kamati ya maadili ikapitisha. Ofisi zilizonipokea sizitaji hapa, ndiyo ahadi niliyowapa.

Kuwapata watu wazima kulichukua muda. Mshauri ndiye aliyewapa namba yangu wale aliowaona wako sawa, wao wakaamua kunitafuta au kutonitafuta. Wiki tatu hakuna aliyepiga. Halafu msimu wa karafuu ukaingia, Pemba nzima iko juu ya mikarafuu au imeinamia majamvi inaanika, nani ana nafasi ya utafiti wako.

Sasa kosa langu, maana bila ya kosa hili nisingeandika.

Mwanamke mmoja alikubali, akaniachia namba. Alhamisi baada ya magharibi nikampigia kupanga siku. Ikapokea sauti ya mwanamume. "Nani wewe?" Nikababaika, nikasema nimekosea namba, nikakata. Akanipigia yeye. Sikupokea. Akapiga tena. Nilikaa na ile simu mkononi kama nimeshika kaa la moto, kwa sababu nilijua nimemwachia mtu mwengine maswali ya kujibu nyumbani kwake, usiku, peke yake.

Siku kumi na moja sikumsikia. Alipokuja hakunilaumu sana. Alisema, "Ukhti, laini ni yangu, lakini simu ni ya nyumba. Anapokea mume, wanapokea watoto, mama mkwe akiisikia inalia huipokea. Ningeweza kuongea kwenye simu ile mambo haya, ningekuwa nimeshayaongea zamani." Simu ile ya msaada aliipiga kwa simu ya mfanyakazi mwenzake, kazini, amesimama nyuma ya mlango wa stoo.

La kuniaibisha zaidi ni kwamba nilikuwa nalijua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2001 kuhusu kutafiti ukatili dhidi ya wanawake unasema wazi kwamba watu wa nyumbani wasijue utafiti unahusu nini, na usalama wa anayeulizwa utangulie kila kitu. Nimeunukuu mwenyewe kwenye sura ya tatu, na ukurasa nimeutaja.

Baada ya hapo nilibadilisha karibu kila kitu. Sikumpigia mtu tena; yeye ndiye anipigie, kwa simu yoyote, saa yoyote. Kila mmoja tulikubaliana mapema mimi ni nani akiulizwa. Wengi walichagua niwe mtu wa kikundi cha hisa. Mmoja alinifanya fundi wa cherehani, na kweli akaja na kitambaa mkononi. Nauli niliitoa taslimu. Kabla yake nilikuwa natuma kwa simu, mpaka nilipofikiria ule ujumbe wa "umepokea" unavyoingia na jina langu, nani anausoma. Hospitali sikumwita mtu, maana jengo lile kila mtu anajua limewekewa nini. Tulikutana chumba cha nyuma cha duka la jamaa yangu la kuchapisha makaratasi, mashine zinavuma, hakuna anayesikia kitu.

Washauri walikuwa rahisi zaidi kuwapata na wagumu zaidi kuwasikiliza. Wengi walianza na simu za mzaha na za kimya, kwa kulalamika. Mpaka mmoja, Bi mkubwa wa zamu, akasema mwanzo alikuwa akizikata zile za kimya, sasa hazikati. "Namwambia: Nipo. Kama huwezi kusema, gonga simu kwa ukucha." Nikamuuliza huwa wanagonga? "Wapo."

Mwanamume alikuja mmoja tu. Ana watoto, kazi yake ni ya baharini. Alipiga mara tano. Mara tatu hakusema kitu. Mara ya nne alisema, akaulizwa shehia gani, tukio la tarehe ngapi. Akataja mwaka. Aliyepokea akanyamaza, kisha akamuuliza, "Sasa kaka, unataka tukusaidie nini?" Akakata.

Yule mshauri hakuwa na ubaya. Fomu aliyokuwa nayo mbele yake imetengenezwa kwa mama anayepiga leo kwa ajili ya mtoto wa leo. Hapo tarehe ni jambo kubwa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, ushahidi unapotea, fomu ya polisi ya PF3 inatakiwa, mtoto atolewe alipo. Mshauri akichelewa na maneno ya kubembeleza anaweza kumponza mtoto. Lakini mtu wa miaka thelathini na ushei hana saa 72. Hakuna kisanduku chake kwenye fomu ile, basi aliyeishika kalamu anajiona hana la kumfanyia. Hili ndilo nililolipata, na naliona bado ni kubwa kuliko mengine yote niliyoyaandika: fomu moja inawapokea watu wawili, ikimharakisha mmoja kwa haki na mwengine ikimfukuza.

Mara ya tano alipokewa na mwengine aliyemwambia, "Nipo, sina haraka." Akazungumza. Nilimuuliza kwa nini alirudia baada ya kukatishwa tamaa. Alisema mwanawe wa kwanza amefikia umri ule. Sikuuliza umri upi.

Kanuni yangu ya kutouliza ilishindwa mara moja. Mwanamke mmoja, mama wa makamo, alianza mwenyewe kuhadithia tangu mwanzo, na mimi nikawa najaribu kumrudisha kwenye maswali yangu ya simu. Akaniangalia. "Unaogopa nini?" Nikazima kinasa sauti, nikafunga daftari, nikamsikiliza mpaka adhana ya alasiri. Yale hayamo kwenye tasnifu. Kabla hajaondoka nilimuuliza kama anataka nimuunganishe tena na mshauri wake, akasema atakwenda mwenyewe Jumatatu, na alikwenda.

Usingizi ulinipotea nilipoanza kuandika mahojiano kutoka kwenye sauti. Nilikuwa nafanya manne kwa wiki nimalize upesi. Msimamizi akanipunguzia yakawa mawili, na usiku marufuku. Mshauri mmoja alishaniambia kwamba akitoka zamu hapandi gari, anakwenda kwa miguu mpaka kwao, nikadhani anabana matumizi.

Nilipomaliza niliwarudishia washauri karatasi moja, siyo tasnifu, nani asome kurasa mia. Nilipendekeza fomu ya pili kwa watu wazima, na swali la kwanza la fomu zote mbili liwe kama anayepiga yuko pahala anapoweza kuzungumza, na kama simu ni yake. Fomu haijabadilishwa. Kubadilisha fomu, nimeambiwa, kuna ngazi zake. Lakini nilipokwenda mara ya mwisho nilimwona yule Bi mkubwa ana fomu zake kwenye faili, na juu ya kisanduku cha tarehe ya tukio kaandika kwa penseli: "Yuko peke yake?" Akasema kila likija bunda jipya hukaa akaziandika zote, moja moja, kabla simu hazijaanza.