Mfuko wa kushoto: nilivyokwenda Chennai kuwekewa betri ya moyo

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Ngamiani, Tanga. Mwaka 2012, nikiwa na miaka 54, nilianguka mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi. Nilipozinduka, suruali ya mteja ilikuwa imekatika mshazari na mwanafunzi wangu ananimwagia maji usoni. Majirani wakasema kifafa. Shangazi akasema ni mambo ya baharini, nisomewe. Nikasomewa, nikaanguka tena. Zahanati moja wakanipa vidonge vya presha, vile vinavyopunguza kasi ya moyo, na moyo wenyewe tayari ulikuwa unajikokota.

Aliyegundua ni nesi wa hospitali ya Bombo, tena kwa vidole tu. Alinishika mkono, akatazama saa ya ukutani, akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Baba, mapigo yako ni thelathini na sita. Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, kwa baiskeli."

Hakucheka. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kwamba vyumba vya juu vinapiga kivyao na vya chini kivyao, umeme haupiti katikati. Vidonge vya presha vikasimamishwa, tukangoja siku kadhaa kuona kama ndivyo vilivyoleta balaa, maana inawezekana. Havikuwa vyenyewe. Dar es Salaam nikavalishwa Holta, kimashine kinachorekodi moyo saa 24, na daktari akaniambia kuna wakati usiku moyo ulisimama sekunde nne nzima. Hakuna kidonge cha ugonjwa huo. Unawekewa pesimeka, kimashine kinachoushtua moyo kwa umeme ili upige, au kama tunavyosema wenyewe, betri ya moyo.

Siku hizo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikuwa bado haijaanzishwa, na wenye moyo wengi tulikuwa tunaambiwa India. Akatokea dalali mmoja, suti nzuri (niliikagua, kola imekaa vibaya), akasema atashughulikia kila kitu ila fedha zote zipitie akaunti yake. Mpwa wangu, anayefanya kazi ya kompyuta, akanivuta pembeni: "Mjomba, hawa hospitali wana barua pepe." Akaskani karatasi zangu zote na kuzituma mwenyewe kwa hospitali tatu. Moja ya Chennai ikajibu siku ya pili, na bei zimechambuliwa: betri ya waya mmoja dola 4,100, ya nyaya mbili dola 6,000, kitanda siku tano, vipimo, kila kitu na mstari wake. Tukauza kiwanja cha Pongwe, ndugu wakachanga, na sehemu kubwa ya fedha tukaitumia hospitali moja kwa moja kupitia benki.

Viza haikutusumbua sana. Barua ya mwaliko ikaja, nikaomba ya mgonjwa na mpwa wangu akaomba ya msindikizaji, maana ni mbili tofauti na msindikizaji naye lazima atajwe kwenye barua. Kilichonikwamisha ni kadi ya njano. Ya zamani ilikuwa imepotea, na anayetoka kwetu bila kadi ya chanjo ya homa ya manjano India wanaweza kumweka karantini. Nikachanjwa upya, kumbe kadi haianzi kufanya kazi mpaka zipite siku kumi. Siku kumi, na mapigo 36! Nililala chali nikihesabu mabati. Ukisoma hapa una mgonjwa wa kusafirisha, anza na kadi hiyo kabla ya jambo lolote.

Daktari wa Dar alisita kusaini barua ya kuruhusiwa kupanda ndege. Alisaini kwa masharti: nitumie kiti cha magurudumu kila uwanja, nisibebe hata mkoba, na mpwa asinibanduke. Tukabadilisha ndege Doha, tukafika Chennai alfajiri.

Tulipanga chumba chenye jiko dogo karibu na Greams Road, mtaa uliojaa wagonjwa na jamaa zao. Chakula cha asubuhi kilikuwa idli, kama vitumbua vyeupe visivyo na sukari, na mchuzi wenye ukwaju. Nilivizoea kuliko mpwa wangu, aliyemaliza wiki mbili kwa ndizi na chai.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karibu nilikosee. Kwenye benchi la kungojea vipimo nilikaa na mzee wa Mombasa. Yeye alikuwa na betri tayari, kaja kupimwa tu.

"Kupimwa tu? Kutoka Mombasa?"

"Ewe ndugu yangu, kila mwaka. Kule kwetu sikupata mwenye mashine ya kuisoma hii."

Akanieleza. Betri ya moyo haifunguliwi kuangaliwa. Daktari huweka kifaa kama pasi ndogo juu ya ngozi, na kompyuta inasoma: chaji imebaki kiasi gani, nyaya zinashika au hazishiki, moyo umeitegemea kiasi gani. Lakini kila kampuni ina kompyuta yake, na ya huyu haisomi ya yule. Ni sawa na boksi la bobini: la Singer hulitii kwenye kila cherehani. Yule mzee alichaguliwa betri ya bei nafuu, hakuna aliyemuuliza anarudi wapi.

Jioni ile mpwa wangu akampigia daktari wa Dar: mnayo mashine ya kampuni gani? Akatutajia mbili. Kesho yake pale hospitali wakaleta karatasi ya kampuni ya tatu, eti ndiyo iliyopo stoo. Nikakataa kusaini. Walinuna kidogo, na baada ya siku mbili ikaja ile niliyoitaka, bei ileile. Nilichukua ya nyaya mbili, maana moyo wangu wa juu ulikuwa mzima, kazi ilikuwa kuuunganisha na wa chini.

Nilikuwa naogopa, siyo siri. Daktari akanisimulia habari za Arne Larsson, Mswidi, mtu wa kwanza kuwekewa betri ndani ya mwili, mwaka 1958. Ile ya kwanza ilidumu saa chache tu ikabidi ibadilishwe, na baadaye akabadilishiwa zaidi ya mara ishirini. Alifariki 2001 akiwa na miaka 86. "Wewe utabadilisha baada ya miaka kumi hivi," akasema.

Chumba kilikuwa baridi kama bucha. Hawakunilaza usingizi, walinichoma ganzi chini ya mtulinga wa kushoto na kunifunika kitambaa cha kijani. Maumivu hakuna, ila unasikia mtu anasukuma na kuvuta. Wanakata kama inchi mbili, wanatengeneza nafasi chini ya ngozi, na nyaya zinapitishwa kwenye mshipa hadi moyoni huku wakiziangalia kwenye eksirei. Nikauliza wanafanya nini muda wote huo, msaidizi akasema kwa Kiingereza chepesi wanatengeneza mfuko. Mfuko! Miaka thelathini nimeshona mifuko mahali palepale, kifuani kushoto. Kisha nikahisi kitu kama mtu aliyewasha taa: joto likapanda miguuni, na kwenye skrini namba ikasoma 60.

Mshono nilioonyeshwa siku ya tatu ulikuwa wa ndani kwa ndani, uzi hauonekani. Nilimpa heshima yake yule daktari.

Wiki sita sikuruhusiwa kuinua mkono wa kushoto kupita bega, nyaya zisichomoke kabla hazijashika. Viwanja vya ndege nilionyesha kadi ya betri, nikakaguliwa kwa mikono, na kile kifimbo chao cha kutafutia vyuma hawakukituliza juu ya kifua. Simu naweka mfuko wa kulia. Kilichonishangaza kilikuwa kibarazani kwangu: sumaku. Fundi yeyote ana sumaku ya kuokotea sindano, na yangu ilikaa mfuko wa shati, kushoto. Sumaku ikiikaribia betri, betri inaacha kusikiliza moyo na inapiga kwa kasi moja tu mpaka uiondoe sumaku. Nilimkabidhi mwanafunzi siku hiyohiyo.

Vipimo vyote nimefanyia Dar. Mwaka 2023 chaji ilipokaribia kwisha, nilibadilishiwa palepale Taasisi ya Moyo, Muhimbili. Nyaya za zamani zilikuwa nzima zikaachwa, likabadilishwa boksi tu, na daktari akakata juu ya alama ya mshono wa Chennai. Nilirudi Tanga kwa basi. Sumaku bado iko kwa kijana. Nikidondosha sindano, namwita.