Karata tatu za kopa mezani, nami ndiye wa kuamua kwanza

Kwenye Texas Hold'em, poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili mkononi, flopu (karata tatu za kwanza kati ya tano za mezani) ya alama moja hutokea takriban mara 5 katika kila flopu 100. Ni chache, lakini ndizo zilizokuwa zikinimalizia chipu nyingi, hasa nikiwa nimepandisha dau kutoka viti vya mwanzo na aliyekaa mwisho akanifuata.

Chukua blaindi, yaani dau za lazima, za 100 na 200. Napandisha hadi 500, wa mwisho anafuata, wengine wanatupa: mezani pana 1,300. Flopu: mfalme, 8 na 4, zote kopa. Yeye amefuata na karata nyingi za alama moja. Mimi nina jozi kubwa na ree nyingi. Flashi, yaani karata tano za alama moja, anazo yeye zaidi. Kwa hiyo nilichobadilisha kwanza ni kuacha kuweka dau kwa mazoea. Sasa mara nyingi napita bila dau, na nikiweka ni theluthi ya kilichopo mezani, kama 430.

Ree mbili nyeusi ndiyo mkono unaowaponza wengi. Ukiweka 1,000, wenye mikono dhaifu kuliko wako wanatupa, anayebaki ana flashi au kopa moja kubwa. Mimi napita, nalipa dau dogo mara moja. Kopa ya nne ikitua, natupa bila kusikitika. Uwezekano wa kutua kwenye karata inayofuata tu ni 10 kati ya 47.

Kushika ree ya kopa kunabadilisha hesabu yote. Karata mbili za kopa anazoweza kushika zinashuka kutoka michanganyiko 45 hadi 36, na zinazoondoka ni zile zenye ree, ambazo angezifuata kabla ya flopu bila kufikiri. Ree ya kopa na mfalme mweusi naziwekea dau mwenyewe. Ree ya kopa isiyo na jozi ndiyo ninayoitumia kutishia: napita, akiweka naongeza. Nikiamua kulipa tu, napiga hesabu: kulipa 430 kunahitaji ushindi wa asilimia 20, na kopa 9 zilizobaki zinanipa 19 kwa karata moja. Inakaribia kutosha, inapungua kidogo tu. Akiweka 650 nahitaji 25, na usitegemee kufidiwa baadaye, kwa sababu kopa ya nne ikishatua kila mtu anaiona na mikono inafungwa.

Nane tatu (mbili mkononi, moja mezani) siongezi dau, nalipa. Ukisukuma chipu zote, atakayekulipa kwa kawaida ana flashi tayari, na hapo unabaki na theluthi moja tu ya kupata ful hausi (karata tatu za namba moja na jozi), inayoshinda flashi, hadi karata ya tano.

Flashi ndogo naiwekea dau mapema, kwani kopa 8 zilizobaki zinaweza kuiua.